Mwaka Baba Alipokataa Kulipia Simu

Swichibodi yetu ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo, na kiti changu kilibanwa kati yake na ukuta. Ukishavaa hedifoni huwezi kusogea kupita urefu wa waya wake, na waya wenyewe ulikuwa mfupi. Dirisha lilikuwa juu, usawa wa kichwa cha mtu aliyesimama, kwa hiyo mimi niliyekaa niliona mbingu tu. Hapo ndipo nilipokaa miaka saba, opareta wa simu mjini Mpanda, tangu nikiwa na miaka ishirini na mmoja.

Mtu alikuja kaunta, akaandika namba na mji anaotaka, akalipa, akaenda kukaa kwenye benchi. Mimi nikamwita Tabora. Tabora alikuwa opareta mwenzangu wa mji huo, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona. Nilimjua kwa sauti, na kwa kikohozi chake cha kila masika. Laini za kwenda nje ya wilaya zilikuwa chache mno, ndiyo maana kila mtu alipewa dakika tatu. Zikiisha nachomoa plagi, hata kama analia. Nilijua nani kafiwa, nani kakimbiwa na mke, nani kafilisika, na yote hayo sikuruhusiwa kumwambia mtu yeyote. Nikitoka jioni nikapita sokoni Kashaulili kununua nyanya, nilikuwa naangalia chini. Niliona aibu kuwajua watu kiasi kile.

Niliomba uhamisho mara nne. Kila mara jibu lilikuwa moja: subiri apatikane wa kukushikia nafasi. Hakuna aliyetaka kuja Mpanda. Reli ilikuwa inaishia hapo, na barabara zote mbili zilikuwa zinafungwa na mvua.

Wazazi wangu walikuwa kijijini, upande wa Litapunga, nusu siku kwa baiskeli. Baba ni Msukuma. Alitoka Shinyanga na ng'ombe nikiwa na miaka sita, tukatembea pamoja na kundi, miezi, tukilala porini, mimi nikiwekwa juu ya punda nikichoka. Huko nyuma alimwacha mama yake kwa mdogo wake. Bibi alikataa kuja. Alisema hawezi kwenda kuliwa na mbung'o katika nchi asiyojua kaburi la mtu hata mmoja. Baba alimwahidi kwamba atakuwa anarudi kumwona kila baada ya mavuno. Katika miaka kumi na minane alirudi mara mbili.

Mwaka ninaousimulia, kijijini kwetu iliundwa kamati ya simu. Mpango ulikuwa kusimamisha nguzo kutoka mjini mpaka ofisi ya kijiji, iwekwe simu moja ya wote. Sehemu ya gharama ingetoka juu, na sehemu ingetoka kwa wananchi: kila mlipa kodi ya maendeleo aongeze kiasi fulani juu yake. Asiyetaka simu naye alipe, maana nguzo haziwezi kuruka mlango wa mtu. Mkuu wangu wa kazi aliniita.

"Wewe ni binti wa kule," akasema. "Nenda ukawaeleze simu ni kitu gani. Watakusikiliza."

Nilimwambia baba yangu yuko kule.

"Vizuri zaidi," akasema.

Nilipanda lori la tumbaku, nikafika kijijini saa nne asubuhi, watu wamekwisha kukaa chini ya paa la ghala la tumbaku, wanaume mbele, wanawake upande. Mwenyekiti wa kijiji, mzee mpole aliyewahi kuwa mwalimu, alinisimamisha. Nikaeleza. Nilisema mgonjwa akizidiwa gari litaitwa. Nilisema bei ya tumbaku na mahindi itajulikana kabla mnunuzi hajafika kuwadanganya. Nilikuwa nasema huku namwona baba, amekaa na fimbo yake katikati ya magoti, ananiangalia kama mtu anayemsikiliza mgeni.

Nilipomaliza akasimama.

"Binti ameeleza vizuri," akasema. Hakusema binti yangu. "Mimi nina maswali. Josho letu limekauka mwaka wa tatu, dawa hakuna, ng'ombe wanakufa. Zahanati haina hata vidonge vya malaria. Kodi tunalipa. Sasa mnasema tuongeze, tununue waya. Mimi nitampigia nani? Mama yangu yuko kijijini Shinyanga, kwao hakuna simu. Ng'ombe wangu hawapokei simu."

Watu wakacheka. Alikaa, lakini hakucheka.

Alisimama mfanyabiashara mmoja wa Kashaulili, Mwislamu mwenye duka mjini na tawi dogo pale kijijini. Kofia yake ilikuwa nyeupe pe, sijui aliilindaje na vumbi la lori.

"Shikamoo mzee," alimwambia baba. "Mimi nauza sukari na mafuta. Nikijua Tabora kuna mzigo, naagiza leo. Nisipojua, nyie mnanunua kwa bei ya kubahatisha. Simu itawafaa wote."

"Marahaba," baba akajibu akiwa amekaa. "Kama ni hivyo, lipa wewe. Biashara ni yako."

"Naweza kulipa," yule mtu akasema taratibu. "Nikilipa peke yangu itakuwa yangu peke yangu, mzee. Itakaa dukani kwangu. Siku mkeo akiumwa usiku utakuja kunigongea, na mimi ndiye nitakayeamua kama nifungue. Unataka hivyo?"

Lakini aliyewanyamazisha watu ni mama mmoja wa Kikonongo, jirani yetu, ambaye mumewe alikuwa mrina asali. Alisema akiwa amekaa, kwa sauti ndogo, na ilibidi tuiname kumsikia. Mkwe wake alishikwa na uchungu wa uzazi mwaka uliopita. Kijana wake alipanda baiskeli kwenda mjini kutafuta gari. Gari lilipofika kesho yake mchana, walilitumia kubebea maiti mbili.

"Mimi nitalipa," akasema. "Hata kama sijui kuongea nayo, nitalipa."

Mikono ikanyooshwa. Baba hakunyoosha. Ikapitishwa.

Tulipotoka nilimfuata. Nikamwambia, "Baba, umenisikia lakini?"

"Nimekusikia, mwanangu. Umetumwa na kazi yako, ukasema ya kazi yako. Mimi sijatumwa na mtu."

Mvua zilianza na hazikuacha. Ndizo mvua kubwa kuliko zote nilizoziona maishani mwangu. Mjini maji yaliingia vyumbani, choo kilichokuwa nyuma ya nyumba niliyopanga kilidondoka, na kwenye swichibodi plagi zilikuwa zinatoa kutu ya kijani. Katika mvua hizo kamati ilipita nyumba kwa nyumba kukusanya mchango. Baba alilipa kodi yake ya kawaida, akadai risiti, akakataa ile nyongeza. Walirudi mara ya pili na ya tatu. Mara ya nne walikuja na mgambo, wakamchukua yeye na wanaume wengine wawili, wakawafungia kwenye ghala lile lile la tumbaku tulilofanyia mkutano. Wale wawili walilipa siku hiyo hiyo. Baba akabaki.

Habari ilinifikia Jumamosi, kwa mdomo wa dereva wa lori. Jumapili ilikuwa zamu ya mwenzangu wa swichibodi, kwa hiyo nilikodi baiskeli, nikasukuma zaidi ya nilivyoendesha, nikafika nimeloa tope hadi mapajani. Mama alikuwa nje ya ghala na bakuli la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Alinipa bakuli, akaondoka, kama vile tumepokezana zamu.

Ndani kulikuwa na harufu kali ya tumbaku mbichi hadi macho yaliniuma. Baba alikuwa amekaa juu ya gunia, shuka begani. Alikuwa amepungua. Mgambo aliyekuwa mlangoni, niliyesoma naye darasa la kwanza, alijifanya anaangalia mvua.

"Baba, nina mshahara," nikamwambia. "Niruhusu nilipe, utoke. Tutabishana nyumbani."

"Ukilipa wewe, wataandika jina langu. Itakuwa ni mimi niliyekubali."

"Si kitu kikubwa."

"Kwako. Wewe unakula kwa simu. Ukilipa utakuwa umelipia kazi yako kwa jina la baba yako." Alichukua mchembe mmoja, akautafuna muda mrefu. "Mimi sisemi simu ni mbaya. Nasema niulizwe kwanza nina shida gani, halafu ndipo nitozwe. Hawakuniuliza. Walikuja wanajua."

Nikamwambia waliuliza, mikono ilinyooshwa, hata yule jirani yetu aliyefiwa alikubali. Nilimwona anapata shida hapo. Alimheshimu sana yule mama.

"Yule ana haki ya kutaka," akasema mwishoni. "Na mimi nina haki ya kutotaka. Sasa ghala ni moja, na nimo mimi peke yangu."

Nilirudi mjini nikiwa nimemkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu. Nilijua ningeweza kulipa kwa siri. Nilijua pia kwamba angejua. Usiku ule nilihesabu njia zote za kumtoa, na kila njia ilipitia kwenye aibu yake au yangu.

Jumanne, saa tatu asubuhi, taa ya Tabora ikawaka.

"Mpanda, kuna mtu wa Shinyanga," akasema. "Anatafuta mtu wa simu. Anasema opareta ni mtoto wake."

Ilikuwa sauti ya baba mdogo. Nilimsikia mara ya mwisho alipotutembelea nikiwa msichana wa darasa la tano, lakini nilimtambua kabla hajajitaja, kwa sababu alivuta maneno kama baba. Alisema bibi amezidiwa, wamempeleka hospitali ya misheni kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hali si nzuri. Anamtaja baba yangu tu, mchana na usiku.

"Mwambie aje," akasema. "Mwambie asichelewe."

"Nitamwambia," nikajibu. Sikuweza kusema kwamba kaka yake amefungwa ghalani kwa sababu ya simu.

Mwenzangu wa zamu alikuwa kitandani na malaria. Mkuu wangu alikuwa ameitwa kikaoni. Nilikaa pale hadi jioni, hedifoni masikioni, nikiunganisha watu na ndugu zao. Mwanamke mmoja alimweleza dada yake namna ya kupika keki bila oveni, dakika tatu nzima, na nilitamani kumchomolea. Nilikuwa na habari ya baba yangu kifuani, na nilikuwa mtu pekee katika mji ule ambaye hangeweza kusimama akaipeleka.

Jumatano mwenzangu alijikongoja akaja, shuka mwilini, akaniambia, "Nenda. Nikidondoka nitadondokea hapa." Nikaenda.

Kwanza nilipita kwa mwenyekiti. Nilimweleza akiwa anavaa viatu. Hakuuliza kuhusu mchango. Alichukua ufunguo, tukatembea naye kwenye tope, akafungua ghala mwenyewe.

"Mzee," akamwambia baba, "mama yako anaumwa. Toka uende."

Baba alitazama mlango, akanitazama mimi. "Nani kasema?"

"Baba mdogo amepiga simu. Jana."

"Jana?"

"Jana asubuhi, baba. Sikuwa na mtu wa kunishikia kazi."

Alisimama. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, akashika ukuta. Alimwambia mwenyekiti, "Sijalipa," na mwenyekiti akasema, "Najua, mzee. Nenda." Walipeana mikono. Nadhani kila mmoja alikuwa anamwonea huruma mwenzake, maana mwenyekiti naye mvua zile zilimbomolea nyumba.

Tulifika mjini Alhamisi. Stesheni ilikuwa imejaa watu waliolala juu ya mizigo yao, kuku, magodoro, watoto. Treni ilikuwa haijaja tangu Jumapili. Mkuu wa stesheni alitueleza kwamba maji yameing'oa kalvati moja na kula tuta la reli, na mafundi hawajafika huko. Barabara? Akatikisa kichwa. Malori yalikuwa yamezama njia nzima.

"Lini basi?" baba akauliza.

"Mzee wangu, mimi mwenyewe mke wangu yuko Kaliua."

Baba alikaa chumbani kwangu siku tatu. Kilikuwa chumba kimoja, kitanda kimoja, nikampa kitanda nikalala kwenye mkeka. Asubuhi alikuja nami kazini, akakaa kwenye benchi pamoja na wateja, fimbo katikati ya magoti. Kila taa ilipowaka nilimwona ananyanyua uso. Mtu aliyekuwa huru porini na ng'ombe mia alikuwa sasa anaangalia kipande cha ukuta wa ofisi, mbele yake mimi, nyuma yake mvua. Mwenye duka wa Kashaulili aliingia siku moja kupiga simu, akamkuta. Nilidhani atamsema. Alimsalimia tu, akaenda akarudi na chai na maandazi kwenye karatasi, akayaweka kwenye benchi, akaondoka bila kusubiri kushukuriwa.

Jumamosi mchana taa ya Tabora ikawaka.

"Shinyanga tena," akasema. "Hospitali. Wanaye mgonjwa mwenyewe pale kwenye simu. Baba yako yupo?"

Walikuwa wamesukuma kitanda cha bibi mpaka mlangoni mwa ofisi ya hospitali, na baba mdogo alikuwa amemshikia simu sikioni. Nilimwita baba, nikamwonyesha kibanda cha kuongelea. Aliingia na fimbo yake, ikagonga pande zote. Ilibidi nimwambie kupitia kioo ageuze kile kipokeo, alikuwa amekishika juu chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza.

"Mayu," akasema. Hilo ni mama kwa Kisukuma. "Mayu. Mayu. Ni mimi."

Laini ilikuwa mbovu siku hiyo, ilibidi nisikilize ili isikatike. Wala nisijitetee, ningesikiliza hata kama ingekuwa safi. Sauti ya bibi ilikuwa nyembamba, inakuja na kurudi. Alimwuliza kama huko mvua imenyesha. Baba akasema imenyesha sana. Akamwuliza ng'ombe wana nyasi. Baba akasema zipo, zimefika kiunoni. Wakaongea hivyo, juu ya mvua na nyasi, na nilikuwa natazama saa ya ukutani, na ule mshale mwembamba haukuwa na huruma.

"Utakuja lini?" bibi akauliza.

"Reli imekatika, mayu. Hakuna gari."

Bibi akasema, "Uliondoka na miguu. Njoo na miguu."

Dakika tatu zilikwisha. Kwenye benchi kulikuwa na watu sita. Tabora akaingia kwenye laini, kwa sauti ya chini kabisa. "Mpanda. Dakika tatu." Sikuchomoa plagi. Nilisikia anapumua. Kisha akasema, "Saa yangu imesimama," akatoka.

Waliongea karibu dakika kumi. Katika wale sita hakuna aliyesema kitu.

Jumapili asubuhi baba aliondoka kwa miguu, akifuata reli. Nilimsihi. Nilimwambia kuna simba, kuna mito, ana miaka sitini, ametoka ghalani juzijuzi. Alifunga karanga na unga kwenye mfuko, akachukua fimbo, akanipa mkono kama mtu anayekwenda sokoni. Nilimsindikiza hadi mwisho wa stesheni. Alikuwa anakanyaga taruma moja baada ya nyingine, na hakugeuka.

Jumatatu bibi akafa. Tabora ndiye aliyeniambia, kabla hajamuunganisha baba mdogo. "Jikaze, mwenzangu," akasema. Baba mdogo aliuliza kaka yuko wapi wamsubirie kuzika, nikamwambia yuko njiani, kwa miguu, katikati ya pori. Akasema hawawezi kusubiri. Kule jua lilikuwa kali.

Sasa nilikuwa na habari nyingine, na safari hii hapakuwa na mlango wa kuugonga. Baba alikuwa mahali fulani kati ya Mpanda na Kaliua. Nikakumbuka kwamba watu wa reli wana simu yao wenyewe, inayopita kwenye nguzo za reli kutoka stesheni hadi stesheni. Jioni nilimwendea mkuu wa stesheni. Nilimwomba awaambie wenzake: akipita mzee mwenye fimbo na shuka la bluu, mwambieni mama yake amefariki, arudi nyumbani.

"Una hakika unataka aambiwe?" akaniuliza.

Nilishangaa. Kazi yangu yote ilikuwa kupeleka habari. Nikasema ndiyo.

Walimpata Jumatano, kwenye stesheni ndogo yenye nyumba mbili. Nilielezwa kwamba aliambiwa akiwa anakunywa maji, akamaliza kunywa, akarudisha kikombe, akashukuru, akaendelea mbele. Hakurudi. Alivuka pale palipong'oka kalvati kwa kushikwa mkono na vibarua. Alifika Kaliua, akapata treni ya reli kubwa, akafika kwao siku ya kumi na moja, bibi amekwisha kuzikwa, watu wamekwisha kutawanyika.

Alirudi baada ya miezi miwili, treni zilipoanza tena. Nilimpokea stesheni. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi. Nilidhani, Mungu anisamehe, kwamba atasema kitu kizuri kuhusu simu, kwa sababu alimsikia mama yake. Nilikuwa nahitaji aseme.

Tulikaa chumbani, nikampa maji. Akasema, "Kwa nini ulimtuma yule mtu wa reli aniambie?"

"Nilitaka ujue, baba."

"Ningetembea siku zile zote nikiwa na mama. Nilikuwa naongea naye njiani. Baada ya pale nilikuwa natembea tu."

Nililia, na yeye akaniacha nilie, kisha akasema, "Lakini mara ile ya kwanza nilisikia sauti yake. Hiyo siwezi kuikataa." Akanywa maji yake.

Kijijini mwenyekiti hakumdai. Wanakamati wengine walitaka adaiwe, walisema sheria ni ya wote na wao wamelipa kwa taabu. Baba alikwenda mwenyewe kwenye kikao chao. Mama alinisimulia. Baba alisema mchango hatoi, kwa sababu alilolisema mkutanoni bado analisema: josho kavu, zahanati tupu. Lakini nguzo zinahitaji mashimo, na yeye ana mikono. Kamati ichague: wamfunge tena, au wampe jembe. Walibishana, wakampa jembe. Alichimba mashimo kutoka mto mdogo hadi ofisi ya kijiji, kiangazi chote, na yule mama wa Kikonongo alikuwa anampelekea togwa.

Siku hizi nasikia watu kwenye redio wakibishana kama kodi ya wananchi ijenge mkongo wa intaneti mpaka vijijini, au waachiwe wenye mitaji wajenge panapolipa. Mjukuu wangu aliniuliza mimi niko upande gani, kwa kuwa nilikuwa mtu wa mawasiliano. Nilimwambia niko upande wa yule mwenye duka: kitu kikilipiwa na mmoja, ufunguo ni wa mmoja. Kisha nikamwambia kwamba baba yangu alifungwa ghalani kwa jambo hilo, na hakuwa na makosa. Akasema, "Bibi, huwezi kuwa pande zote mbili." Nikamwambia ndiko niliko.

Simu iliwekwa kijijini mwaka uliofuata. Sikuwahi kupata uhamisho. Siku moja walileta mashine isiyohitaji mtu, wakaitoa swichibodi kwa kuivunja vipande maana haikupita mlangoni, na mimi nikapelekwa kaunta kuuza stempu. Tabora aliniaga siku ya mwisho kwa kunitakia kazi njema. Tulikuwa na dakika nyingi siku hiyo na hatukujua tuseme nini.

Baba aliishi miaka mingine tisa. Ile simu ya ofisi ya kijiji hakuitumia hata mara moja. Mama anasema alikuwa akipita pale na ng'ombe, akiisikia inalia ndani, anasimama barabarani, ng'ombe wanatangulia, mpaka mtu aipokee.